Pipa la Tatu Kutoka Mlangoni

Jumatatu, 2 Septemba

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya duka, niwe naandika Jumamosi gani nitaonjesha jibini gani na mvinyo gani. Nimekaa, nimeandika tarehe, na mkono umegoma kuandika habari za jibini. Basi nitaandika yote, jibini na mengine, mpaka tarehe 15 Desemba. Siku hiyo tunafungua pipa la Rémi.

Niyaweke wazi tangu sasa, ili nikija kuyasoma nisijidanganye. Rémi ni mwanangu wa pekee. Alichuma zabibu za kile kipande chetu cha shamba, juu mteremkoni, akazikamua mwenyewe, akajaza pipa moja la mvinyo wa manjano, la kwanza kuwa lake peke yake, baba yake kasimama pembeni mikono mfukoni. Machi iliyofuata trekta ilimpindukia kwenye mteremko uleule. Alikuwa na miaka ishirini na saba.

Mvinyo wa manjano hauguswi miaka sita na miezi mitatu. Hauongezwi, hauhamishwi. Unapungua wenyewe pipani, theluthi nzima na zaidi, na juu yake unaota utando mweupe, na chini ya utando huo ndipo unapogeuka rangi na harufu. Ukiugusa utando umeharibu. Tumesubiri. Zimebaki siku mia moja na nne.

Gaspard, mume wangu, ameshuka ghalani asubuhi na birika lake la bati lenye mdomo mrefu, kama afanyavyo kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Anajazia mapipa ya mvinyo mweupe wa kawaida, hayo yanataka kujazwa yasiingie hewa. Aliporudi aliliosha birika, akalitundika. Hatukusemeshana. Siku hizi ndivyo tulivyo.

Jumanne, 10 Septemba

Jibini za Mont d'Or za kwanza za msimu zimeingia dukani, kila moja ndani ya kisanduku chake cha mbao na mkanda wa gome la msonobari. Nimeuza arobaini kabla ya saa sita. Rémi alikuwa anaila kwa kijiko, kisanduku kizima, na viazi vya moto. Nilikuwa namgombeza. Mjinga mimi.

Jumamosi, 14 Septemba

Kuonja kwa kwanza. Watu kumi na wanne wamebanana dukani. Mzee mmoja kutoka Paris, skafu shingoni, akataka kunifundisha kazi.

"Mama, jibini huendana na mvinyo mwekundu. Kila mtu anajua."

"Huyo kila mtu hajawahi kufika hapa Arbois," nikamwambia. "Onja kwanza, kisha nifundishe."

Nikampa jibini ngumu ya Comté ya miezi thelathini na kijiglasi cha mvinyo wa manjano wa Gaspard. Nikamwambia atafune, asimeze, aunywe mvinyo juu yake. Akatafuna, akanywa. Hapo ndipo inapokuja ile ladha ya lozi na bizari, na huwezi tena kujua ipi ni ya jibini na ipi ni ya mvinyo. Akanunua chupa tatu, na skafu yake akaisahau.

Watu wameniuliza kuhusu pipa la Rémi. Mji mdogo huu, wote wanahesabu siku pamoja nami.

Jumapili, 15 Septemba

Mvua.

Ijumaa, 20 Septemba

Aurore amekuja dukani. Miaka mitatu alikaa na mwanangu, pete ilikuwa imeshanunuliwa. Sasa anaolewa Januari na fundi umeme wa mji wa Poligny. Amesimama mbele ya jibini za mbuzi kama mteja, mpaka walipotoka wengine.

"Mama Odette, nimekuja na ombi."

"Sema, mwanangu." Neno hilo lilinitoka kwa mazoea tu, sikuwa na uzuri wowote moyoni.

"Tarehe kumi na tano nataka kuwepo. Na kama itawezekana, chupa moja."

"Ya harusi?"

Akawa mwekundu. Nikamwambia nitazungumza na Gaspard, nikageuka kufuta mizani ambayo haikuwa na uchafu. Mimi si mtu mbaya, lakini leo nilimchukia. Anakwenda kulala na mwingine na bado anataka kuonja cha mwanangu.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mavuno yamekwisha, mgongo si wangu tena. Gaspard hata leo kashuka na birika, na uchovu wote ule. Nilimwambia apumzike. "Nitapumzika nikifa," akasema, kisha akaona alichosema, akavaa kofia akaenda.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimeuza, nimekula, nimelala.

Alhamisi, 17 Oktoba

Leo amekuja yule dada wa maabara anayepima mapipa ya mvinyo wa manjano mara mbili kwa mwaka. Nilishuka naye. Anatoa tone kwa bomba, ananusa, anaandika. Pipa la kwanza, la pili. Alipofika la tatu kutoka mlangoni, la Rémi, Gaspard akajiweka mbele yake.

"Hilo liache."

"Mzee Gaspard, na hili nalo limo kwenye orodha yangu. Miaka yote unanizuia."

"Liache, binti yangu. Hilo halipimwi."

Dada akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa, aliache. Moyo ulinijaa. Nilidhani Gaspard hana machozi. Tangu mazishi sijamwona akilia, nami kwa hilo nimemchukulia kuwa gogo. Kumbe ana lake. Jioni nilimpikia kuku kwa uyoga wa porini, tukala kwa furaha kidogo.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimekwenda kwa Tiennot kuliona gurudumu langu la jibini. Tiennot ni rafiki wa Gaspard tangu utoto, anakomaza Comté kwenye ngome ya zamani kule msituni, magurudumu maelfu kwenye rafu, baridi ya kukata masikio. Miaka mitatu na miezi kadhaa iliyopita nilichagua moja, la maziwa ya majira ya joto, kilo arobaini, nikamwambia hili ni la kukutana na pipa la Rémi. Amelisugua kwa chumvi kama anavyosugua mengine, ila hili amelichorea msalaba mdogo.

"Shemeji, njoo ulisikilize mwenyewe, usije ukasema Tiennot kakuuzia jiwe."

Akanipa nyundo yake, ile ndogo ambayo mpini wake ni kijiko cha kuchimbia. Unagonga ganda kuanzia pembeni kwenda katikati. Palipojaa panajibu kwa sauti fupi, nzito. Penye uwazi panaitikia. Kazi hii nimeifanya miaka thelathini, sikio langu halinidanganyi. Limejaa pote.

"Zima," nikasema.

"Kama wewe," akasema, nikamtandika bega. Ameniachia ile nyundo, kasema yangu imechakaa inatia aibu.

Nilirudi nimechangamka. Rémi aliniambia siku alipoziba lile pipa: mama, wewe tafuta jibini, mimi mvinyo ninao, tukutane baada ya miaka sita.

Ijumaa, 1 Novemba

Makaburini. Maua ya Aurore yalikuwa yamefika kabla ya yangu. Nimeyasogeza kidogo kando.

Jumatatu, 4 Novemba

Gaspard ana homa kali. Jumatatu ya kwanza, na bado akawa anatafuta viatu. "Mapipa yanaweza kusubiri wiki," nikamwambia. Akanitolea macho kana kwamba nimesema mtoto asubiri kunyonya. Nimemrudisha kitandani kwa nguvu, mzee wa miaka sitini na sita.

Jumanne, 5 Novemba

Sijui niandikeje. Niandike kama ilivyokuwa.

Gaspard alikuwa amelala. Saa tano asubuhi nilishuka ghalani kuchukua chupa mbili za Jumamosi. Nyundo ya Tiennot ilikuwa kwenye mfuko wa aproni, nilikuwa nimetoka kugonga jibini. Nikapita mbele ya pipa la tatu. Huwa naligusa kwa kiganja kila nipitapo, namsalimia. Leo, sijui kwa nini, nikaligonga kwa nyundo. Nilitaka kusikia ameshuka mpaka wapi. Nilitaka kusikia ule uwazi wa juu, ile theluthi iliyokwenda.

Hapakuwa na uwazi.

Nikagonga pipa la pili, la Gaspard, la mwaka uleule: chini zito, juu linaitikia kama ngoma. Nikarudi la tatu. Chini zito, katikati zito, juu zito. Mpaka kwenye kizibo. Nikapitisha kidole kuzunguka kizibo, kikatoka na unyevu. Nikainama nikaona mbao imebadilika rangi, michirizi ya mvinyo, mipya juu ya ya zamani.

Pipa lililokaa miaka sita bila kuguswa haliwezi kuwa limejaa. Hata mtoto wa shule hapa Arbois anajua hilo.

Nilikaa juu ya kreti. Nikalikumbuka birika.

Jumatano, 6 Novemba

Sijamwambia. Homa imeshuka.

Alhamisi, 7 Novemba

Sijamwambia. Nimemtilia supu.

Jumamosi, 9 Novemba

Kuonja. Nimewapa watu jibini ya buluu ya Gex pamoja na mvinyo mwekundu mkali, kosa ambalo sijawahi kulifanya tangu nianze kazi. Watu wakakunja nyuso kwa adabu. Mmoja akasema ladha yake ni ya pekee. Nikajitia hamnazo, nikasema ndivyo inavyoliwa milimani.

Jumatatu, 11 Novemba

Sikukuu, duka limefungwa. Mchana nilipika soseji ya moshi na viazi. Gaspard amepona, alikula vizuri. Nikaitoa nyundo nikaiweka mezani, kati ya haradali na mkate.

"Hiyo ya nini?"

"Nimeligonga pipa la tatu."

Akaacha kutafuna.

"Limejaa, Gaspard. Limejaa mpaka kizibo."

"Ndiyo."

Sikuitarajia hiyo ndiyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, na matusi ya kuujibu nilikuwa nimeyapanga siku sita.

"Tangu lini?"

"Tangu Mei ile. Miezi miwili baada ya kumzika." Alikuwa anaitazama sahani. "Nilifungua nione kama utando umeshika. Umeshika vizuri, mweupe, hakuna kasoro. Lakini mvinyo ulikuwa umeshuka. Nikatia fimbo nikapima. Vidole viwili, Odette. Kazi hii nimeifanya miaka arobaini, najua unashuka, na unatakiwa ushuke. Nikapanda hapa nikashindwa kula. Nikasema huyu mtoto hapungui tena. Nikarudi na birika."

"Ukauzamisha utando."

"Nikauzamisha."

"Kila mwezi."

"Kila mwezi. Nilikuwa naapa hii ni mara ya mwisho. Mwezi ukiisha naona vidole vimeshuka tena, naona kama napokonywa."

"Ulikuwa unaongeza nini?"

"Wangu. Wa kipande kilekile. Mzuri."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia ameutia maji mwili wa mwanangu. Hilo nimeliandika, basi libaki. Nilimwambia miaka yote hii nimemngoja Rémi chini ya utando ule, nimewaambia wateja, nimemchagulia gurudumu, nimepita pale kila siku nikamsalimia, kumbe utando hakuna, kuna Gaspard na birika. Mtu mmoja alikuwa na haki ya kuulizwa, na mtu huyo ni mimi niliyemzaa.

"Nilitaka kukuambia kila Jumatatu," akasema.

Kisha akalia. Nilikuwa nimeutamani ule kilio miaka mitano na nusu, ili nisijione peke yangu. Na ulipokuja sikuweza kunyoosha mkono. Nilitoa sahani, nikaosha vyombo, naye analia nyuma yangu.

Jumanne, 12 Novemba

Nimehamia chumba cha Rémi. Godoro lake limebonyea upande mmoja.

Jumapili, 17 Novemba

Theluji ya kwanza. Haikukaa.

Jumatano, 20 Novemba

Nilimpigia Aurore aje dukani, nikafunga mlango, nikamweleza yote. Nilitaka, niseme kweli, kumwona naye akiumia. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akakaa kwenye ngazi ya rafu akacheka, machozi yanamtoka.

"Pole baba wa watu," akasema. "Hata mimi ningeongeza."

"Wewe unaolewa Januari."

"Naolewa, mama. Sasa ndiyo nisiwe na Rémi?" Akajifuta kwa mkono wa sweta. "Ile chupa si ya harusi. Unajua zile zabibu alichuma na nani? Siku tatu, mvua inanyesha, baba ana mgongo, wewe uko dukani. Nusu ya pipa lile ni vidole vyangu. Nilijikata hapa." Akanionyesha kovu dogo kwenye kidole gumba. "Nataka kuonja mara moja, niende."

Miaka yote sijawahi kujiuliza alichuma na nani. Nilidhani alikuwa peke yake. Nimemfungia Mont d'Or kwenye karatasi, nikamwambia tarehe kumi na tano saa nne, asichelewe. Na kaburini nitayarudisha maua yake mahali pake.

Jumatatu, 2 Desemba

Jumatatu ya kwanza. Nilisikiliza kutoka chumba cha Rémi. Gaspard aliliangua birika ukutani, akasimama nalo, akalitundika tena. Mara tatu. Hakushuka.

Ijumaa, 13 Desemba

Tumesemezana kuhusu mkate na kuni.

Jumapili, 15 Desemba

Tulikuwa wanne ghalani: mimi, Gaspard, Aurore, na Tiennot aliyebeba robo ya gurudumu kifuani, limefungwa kwa kitambaa cheupe. Majirani walitaka kuja, nikawaambia wasije.

Gaspard alikitoa kizibo. Hakuna aliyeinama kunusa. Mvinyo wa manjano ukifunguliwa, harufu inakufuata yenyewe mpaka mlangoni. Hii haikuja. Akavuta kwa bomba, akamimina glasi nne. Rangi ya majani makavu, safi, hakuna dhahabu hata tone.

Tiennot akakata jibini. Niseme ukweli wa kazi yangu: ile ndiyo Comté bora niliyowahi kuweka ulimini. Chembe za chumvi zinavunjika menoni, kisha inakuja siagi iliyoungua, kisha lozi, na haiishi. Nikaunywa mvinyo juu yake. Haukusikika. Jibini ya miaka mitatu na nusu ilipita juu ya mvinyo wa mwanangu kana kwamba nimekunywa maji.

"Si wa manjano," akasema Tiennot taratibu. Na huyu ni mtu wa kutania hata msibani.

"Nimemuua mara ya pili," akasema Gaspard.

Aurore alikuwa ameiacha jibini. Alikunywa mvinyo peke yake, macho kafumba, akanywa tena.

"Mama, ondoa jibini mdomoni. Kunywa hivihivi."

Nikasukutua. Nikanywa. Tufaha bichi. Ndimu, na chumvi kidogo mwishoni. Nikaijua. Ndiyo juisi ileile ya siku ya kukamua, alipokuja mbio dukani na kikombe, viatu vya matope juu ya sakafu yangu, akasema, onja mama, onja haraka. Nami nilikuwa na wateja, nikaonja nusu, nikamwambia angalia matope.

Nilipanda dukani nikachukua Mont d'Or na vijiko vinne. Jibini laini ya watoto, haina makuu. Tulikula wima, kutoka kisandukuni, na mvinyo ule ukakaa nayo sawasawa. Gaspard hakutaka kula. Nikamlisha kijiko.

Lakini sitajidanganya. Nilichokunywa ni kijana wa miaka ishirini na saba. Rémi angekuwa na thelathini na tatu sasa, na nilitaka kujua angekuwa nani. Hilo ndilo nililolingoja. Ni pipa lile tu lingeweza kunionjesha hilo kidogo, na Gaspard, kwa kumpenda, hakuliacha.

Jumatano, 18 Desemba

Tumejaza chupa. Haziwezi kuitwa za manjano, basi hazikuitwa kitu. Mbili za Aurore. Amembusu Gaspard kwenye paji la uso akaondoka.

Mwisho zilibaki lita kama themanini. Gaspard akauliza azifanye nini, kwa sauti ya mtu aliyekubali kutoulizwa tena maisha yake yote. Nikamwambia alete lile pipa dogo. Tukamimina humo, hatukulijaza, tukaacha nafasi ya utando. Akaliziba. Nikaandika kwa chaki tarehe ya kulifungua. Nitakuwa na miaka sitini na saba, yeye sabini na mbili, tukiwepo.

Nimerudi chumbani kwetu. Miguu yake ni barafu kama zamani.

Jumatatu, 6 Januari

Jumatatu ya kwanza. Gaspard amekunywa kahawa amevaa koti. Ameliangua birika, akaniletea.

"Lifiche nisipopajua."

Nimelitia chini ya magunia ya chumvi dukani. Kisha nikamshika mkono tukashuka. Nikatoa nyundo, nikaligonga lile pipa dogo kuanzia chini. Zito, zito, na juu likaitikia. Nikampa nyundo naye agonge. Akagonga mara moja, hapo juu, akatega sikio.

"Limepungua," akasema.

"Eeh, baba Rémi. Liache lipungue."

Tukasimama pale, nyundo mkononi mwake, tukalia wote wawili kwa sauti.